Kutunza wazee ni kumtunza Kristu: maneno kwa siku ya Jubile



Katika siku hii ya furaha tunamshukuru Mungu kwa ajili ya wote waliotuletea imani. Tunawakumbuka Wabenediktini wa abasia ya Mtakatifu Andrea ya Bruges, katika Ubelgiji, waliofika Katanga mwaka 1910. Nimeombwa kusema juu ya wazee. Ninakubali, maana nina deni la kulipa.

Mama yangu mkubwa alipofuka macho katika uzee wake. Kisha majirani walianza kunong'ona neno la ulozi, kama inavyowapata wazee wengi wasio na mtetezi. Sisi watoto wake tuliona haya, tukaogopa, tukampeleka katika nyumba moja ya wazee, mbali na hapa. Kila mara nilipokwenda kumtazama, habari yangu ilinitangulia, na nilimkuta amelala kitandani, shuka nyeupe imemfunika vizuri. Nilisali pamoja naye, niliacha sabuni na sukari, nikarudi kwangu na moyo mtulivu.

Siku moja nilifika bila kutuma habari. Nilisikia harufu. Nikainua shuka: kiunoni alikuwa na kidonda kirefu, hata kidole kingeingia chote. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Walimwacha tu alale upande mmoja, mchana na usiku. Alikufa mbele ya mvua ya kwanza.

Wandugu, nani alikosa? Mama mwenye zamu ya usiku alikuwa peke yake, wazee wengi mikononi mwake, na mshahara wake haukufika tangu miezi mingi. Siwezi kumtupia jiwe. Lakini mimi, niliyefundisha watu matendo ya huruma, niliitazama shuka, sikumtazama mtu.

Kidonda cha namna ile mara nyingi kinaweza kuzuiliwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza sherti ageuzwe kila masaa mawili. Ngozi ya visigino, ya kiuno na ya matako itazamwe kila siku. Nguo iliyolowa ibadilishwe upesi. Apewe maji ya kutosha, na samaki au maharagi, si bukari peke yake. Alishwe akiwa amekaa, asipaliwe. Maji ya sabuni yasibaki chini, maana mfupa wa mzee unavunjika upesi na unaunga kwa shida. Na wakati wa baridi, katika mwezi wa sita na wa saba, mbabula ya makala isiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake mbaya haionekani wala hainuki, nayo inaua watu katika usingizi. Mambo haya hayaombi mashini za Ulaya. Yanaomba mikono, saa, na mtu wa kuuliza.

Tulipokuwa wanafunzi wa seminari ndogo, tulisomewa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6. Sura ya 36 inawaweka wagonjwa mbele ya mambo yote. Inaagiza wapewe chumba chao na mtumishi mwenye kumcha Mungu, tena mwenye bidii. Na wakisahauliwa, kosa la watumishi linamrudia abati mwenyewe. Sura ya 37 inawalegezea wazee na watoto sheria ya chakula. Tuone hekima hiyo: Mtakatifu alijua kwamba mapendo pasipo mtu wa kujibu yanageuka maneno matupu.

Wengine watasema: desturi yetu ni mzee kukaa na watoto wake. Ni kweli, na njia hiyo ni bora. Lakini watoto wetu wametawanyika, na nguvu za jamaa zimepungua. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka katika kazi ya Gécamines; wengi wao wamezeeka katika taabu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mzee haki ya kulindwa. Naye Papa Fransisko aliweka mwaka 2021 siku ya mababu na wazee, Dominika ya nne ya mwezi wa saba.

Kwa hiyo ninaiomba parokia zawadi tatu za Jubile. Kwanza, kila jumuiya iwe na zamu ya kuwatembelea wazee, walio katika jamaa na walio katika nyumba za kulelewa, bila kutangaza siku. Pili, anayetembelea aandike katika daftari: Amekula? Amekunywa dawa? Amegeuzwa? Ana kidonda? Naye mkubwa wa nyumba asome, ajibu. Tatu, tuwasaidie watumishi wenyewe: mwenye zamu ya usiku apate mwenzake, na mshahara wake ufike. Tena neno la ulozi juu ya mzee lisitoke katika kinywa cha mkristu.

Siku ya mwisho Kristu atatuuliza kama tulimtazama alipokuwa mgonjwa. Mimi sitaweza kujibu kwamba sikujua. Nanyi, wandugu wapenzi, leo mmesikia.

Mungu awabariki wote. Amina.