Daktari Mwenye Nishani: Kuisoma Upya Picha ya Zamani ya Usharika Wetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja)



Kamati ya historia imenipa dakika chache nizungumzie picha moja, ile inayokusudiwa kuwekwa katika kurasa za mwanzo za kitabu cha miaka mia. Wengi wenu mnaifahamu. Mzungu amesimama katikati, amevaa sare ya kaki na kofia pana iliyokunjwa ukingo wake wa kulia, na kifuani ana nishani tatu. Kando yake wamesimama Waafrika watatu, mmoja wao ameshika sanduku. Kwa miaka mingi tumeiita picha hii "Mmisionari wa Kwanza". Je, tuwakabidhi wajukuu wetu maelezo hayo hayo?

Tuanze na kofia. Kofia ya namna hiyo ilivaliwa na maofisa wa Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani, na utepe mweupe kuizunguka ulikuwa alama ya Afrika Mashariki. Kisha tutazame mabega. Kwa kioo cha kukuzia inaonekana fimbo iliyozungukwa na nyoka mmoja. Msharika msomaji wa Biblia atamkumbuka upesi nyoka wa shaba aliyeinuliwa na Musa jangwani. Lakini hii ni fimbo ya Asklepio, mungu wa uganga wa Wagiriki wa kale, na ndiyo alama iliyovaliwa na madaktari wa jeshi la Kijerumani. Basi mtu huyu alikuwa tabibu, tena tabibu mwenye cheo cha kijeshi.

Sasa nishani. Hapa inatupasa kuwa waangalifu, kwa maana picha za zamani hudanganya katika rangi. Kemikali za siku zile hazikuihisi rangi nyekundu, hivyo utepe mwekundu hutokea mweusi, na wa buluu hutokea karibu mweupe. Afadhali kutegemea umbo kuliko rangi. Ya kwanza ni msalaba wenye tai katikati, yaani Nishani ya Tai Mwekundu ya Prussia. Waliotunukiwa daraja lake la chini walikuwa wengi mno, kwa hiyo peke yake haitufikishi mbali. Ya pili ni medali ya Msalaba Mwekundu, iliyoanzishwa mwaka 1898 kwa waliohudumia wagonjwa na majeruhi. Hiyo nayo walipewa hata raia.

Ya tatu ndiyo inayosema zaidi. Ni Medali ya Kikoloni, na juu ya utepe wake kuna kibao chembamba cha chuma chenye maandishi ya Kijerumani: Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1905/07. Medali hiyo ilianzishwa Juni 1912. Picha basi haiwezi kuwa imepigwa kabla ya hapo. Na kwa kuwa kifuani hakuna Msalaba wa Chuma wa vita vya 1914, inaelekea ilipigwa kabla ya vita hivyo au mwanzoni mwake. Wamisionari kutoka Berlin walianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, wakafika Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Mtu aliyepigwa picha mwaka 1912 au baadaye, tena akiwa katika sare ya jeshi, hawezi kuitwa mmisionari wa kwanza.

Wapendwa, kile kibao kina uzito. Miaka 1905 hadi 1907 ni miaka ya Vita vya Maji Maji. Vita vilianzia Umatumbi, vikaenea kusini na kufika hata hapa Uzaramo. Mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Kibao hicho kilitolewa kwa walioshiriki vita hivyo upande wa serikali ya kikoloni. Tukimwita mtu huyu mmisionari, tunakiweka kibao hicho juu ya kifua cha Kanisa.

Hata hivyo haki yampasa naye. Madaktari wa jeshi walichanja watu dhidi ya ndui na kupambana na malale. Mmoja wao, Friedrich Karl Kleine, alithibitisha mwaka 1909, katika nchi hii, jinsi vimelea vya malale vinavyokua ndani ya mbung'o kabla ya kumwambukiza mtu. Mwingine, Ludwig Deppe, aliyefuatana na majeshi ya Lettow-Vorbeck, alichapisha mwaka 1919 kitabu kilichokiri uharibifu na njaa vilivyoachwa nyuma ya majeshi hayo. Mkono mmoja uliponya, na mkono huo huo ulilitumikia jeshi lililojeruhi. Historia yetu iyabebe yote mawili.

Jina lake je? Nishani zimetupa kazi yake, vita vyake na kipindi cha picha. Jina hutafutwa katika maandishi. Gazeti la serikali ya makoloni, *Deutsches Kolonialblatt*, lilitangaza uteuzi na nishani. Nyaraka nyingi za jeshi la Prussia ziliteketea kwa mabomu huko Potsdam Aprili 1945, lakini majalada ya enzi ya Wajerumani yamo katika Nyaraka za Taifa hapa Dar es Salaam, na mengine yako Berlin. Madaktari wa jeshi hilo hawakuwa wengi. Kazi hii yawezekana.

Napendekeza picha iandikwe hivi: "Daktari wa jeshi la kikoloni la Kijerumani pamoja na Waafrika watatu, baada ya Juni 1912." Na ninyi wazee wetu, baba zangu na mama zangu wa Temeke, Kinondoni na Kisarawe, nawasihi mwitazame picha hii kabla kitabu hakijaenda kiwandani. Mjerumani ana medali za kumtambulisha. Wale watatu hawana ila nyuso zao na kumbukumbu zenu. Yule aliyeshika sanduku huenda ni babu wa mmoja wetu aliyeketi humu. Mwenye kulijua jina lake na alitamke, liandikwe.