Mizani ya Injini za Sataranji

Mkulima wa Karagwe au Kyerwa akipeleka kahawa yake kuuza, jicho lake la kwanza liko kwenye mizani. Programu za kompyuta zinazocheza sataranji nazo zinataka jicho hilo.

Desemba 2017, kampuni ya DeepMind ilitangaza kuwa programu yake, AlphaZero, imeishinda Stockfish, programu nyingine ya sataranji: michezo 100, ushindi 28, sare 72, bila kupoteza hata mmoja. Lakini Stockfish ilibanwa kwa dakika moja kila hatua na kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu, tena mashine hazikuwa sawa. Kwangu mimi, mizani ile ilikuwa na walakini. Mwaka uliofuata walitoa matokeo ya michezo 1,000 kwa masharti bora zaidi. AlphaZero ikashinda 155 na kupoteza 6. Hapo nikakubali.

Ushindi wa michezo kumi waweza kuwa bahati. Ndiyo maana wapimaji huchezesha maelfu, na kila ufunguzi (hatua za mwanzo za mchezo) huchezwa mara mbili kwa kubadilishana nyeupe na nyeusi.

Stockfish ni ya bure, na ukishaipakua, simu huiendesha bila intaneti. Walimu wa Kayanga na Nkwenda, wapeni wanafunzi wenu kipimo hiki cha michezo mingi kwa kubadilishana rangi, wakifanye wenyewe.