Unga wa Biashara, Watoto wa Nyumbani

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

Leo nazungumza na wewe unayeoka mkate au kukaanga mandazi. Hasa wewe mama unayelea watoto peke yako. Baba, usiondoke, nitakufikia.

Tangu mgao upungue, meza za mandazi zimeongezeka mitaani. Lakini wengi mnauliza swali moja: nauza kila siku, mbona mtaji unakufa?

Tufanye hesabu. Tuseme umenunua pakiti ya unga ya kilo 2 kwa shilingi 200. Sukari 60, mafuta 150, hamira 20, makaa 70. Jumla 500. Umetoa mandazi 70 ya shilingi 10. Ukiuza yote unapata 700, faida 200. Bei za soko lako zikiwa tofauti, weka zako.

Sasa watoto watano wamekula mawili mawili kabla ya shule. Hayo ni 10, yaani shilingi 100. Majirani wawili wamechukua matano matano kwa deni. Shilingi 100 nyingine. Umebaki na 500 zile zile ulizotoa. Umeamka saa tisa usiku, umekaa kwenye moshi, na faida hakuna, ingawa hakuna aliyekuibia.

Sisemi uwanyime watoto. Watoto wale! Ila amua jana yake ni mangapi ya nyumbani, na uyaandike kwenye daftari kama matumizi. Uwe na mikebe miwili: mmoja wa pesa za unga, mmoja wa nyumba. Mkebe wa unga usifunguliwe kwa ajili ya sabuni. Mtoto akiugua, hilo ni jambo lingine, fungua, lakini andika ulichotoa ili ukirudishe kidogo kidogo.

Deni ndilo gumu. Utamnyimaje mtu mliyevuka naye mpaka? Mama mmoja wa Kakuma 3 ana njia yake, nami naipenda. Kila asubuhi anatenga mandazi matano ya deni. Yakiisha anasema, "Dada yangu, ya deni yameisha leo, njoo kesho." Na aliye na deni la jana hapewi jingine mpaka alipe. Hagombani na mtu.

Halafu kuna usingizi. Joto letu hapa linafanya unga uumuke upesi, na ukikaa sana unachacha. Ndiyo maana wengi wanakanda usiku wa manane. Jaribu hivi: kanda jioni kwa maji ya mtungi, na hamira punguza, hata nusu ya ile ya kawaida. Funika, weka mahali penye ubaridi kuliko kwingine. Anza na unga kidogo uone kwanza. Ukifaulu, unalala mpaka saa kumi au kumi na moja, na hutoki gizani kutafuta maji.

Sasa la binti yako. Ninamwona kila siku njiani na ndoo ya mandazi kichwani, saa mbili asubuhi, wenzake wako darasani. Najua si ukatili, ni mikono imepungua. Lakini masomo ya asubuhi yakimpita kila siku, mwisho wa muhula atashindwa, na akishindwa ataacha shule. Auze jioni saa moja tu, kabla ya giza, kisha afanye kazi ya shule. Na kaka yake aoshe sufuria. Sufuria haijui mvulana wala msichana.

Baba, zamu yako. Najua kuna mmoja anapunguza sauti ya redio sasa hivi. Makaa unaweza kubeba. Kuni unaweza kupasua. Mtoto mchanga unaweza kumshika saa mbili wakati mama anauza. Na jioni pesa zihesabiwe mbele ya wote wawili, si wewe kuzichukua mezani ukipita.

Jambo moja la hatari. Usiingize jiko la makaa ndani na kufunga mlango, hata mvua ikinyesha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua waliolala. Mafuta ya moto yawe mbali na wadogo. Mtoto akiungua, mwagilia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Kisha mpeleke kliniki.

Kikundi chenu kijadili hili: nyumbani kwako nani anashika mkebe wa unga, na nani anaruhusiwa kuufungua? Leteni majibu, tutayasoma wiki ijayo, bila kutaja jina la mtu.

(Muziki unapanda.)