Kutembea katika Pori ya Miombo

Kutembea nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, kunasaidia moyo na kushusha tansio. Njia za pori ya miombo huko Katanga hazilipishwi. Tembea! Lakini vaa viatu vya kufunika mguu, shika fimbo, na angalia unapokanyaga: kuna nyoka mufupi, munene, hulala njiani wala hakimbii.

Na akikuuma? Usikate na wembe. Usikaze kamba. Usiweke jiwe jeusi; halitoi sumu. Mguu usitembee tena: fungia kijiti kando, polepole, kisha ubebwe mara moja hospitali.

Sisi waganga tunasikitikia mgonjwa anayefikishwa siku ya tatu. Fundisha watoto wako leo.