Bwawa Nyuma ya Skuli: Mhadhara wa Umma juu ya Chuo Kikuu, Wafugaji Samaki na Walimu wa Vijijini



Sheria zinazounda vyuo vikuu vyetu, kila nilipozisoma, nimekuta zimevipa vyuo hivyo kazi tatu, nazo ni kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Kazi mbili za mwanzo zina vyumba vyake, vyeo vyake na mafungu yake ya fedha; ya tatu aghalabu huachiwa ihsani ya mtu na wasaa utakaobaki baada ya mitihani kusahihishwa. Mimi ni mwalimu wa ilimu ya viumbe vya majini, na umri wangu mwingi nimeutumia kwenye mabwawa ya samaki; kwa hiyo nitaisemea kazi hii ya tatu kwa njia ya bwawa, maana ndilo ninalolijua, na kwa njia ya skuli iliyo jirani na bwawa, maana ndiyo tuliyoipita mara nyingi bila ya kuiona.

Natanguliza kusema kwamba huduma ninayoikusudia siyo sadaka. Sadaka ni ya mwenye mali, ambaye akipenda hutoa na akipenda huzuia. Ama chuo kikuu, mali yake ni ya watu tangu awali. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango yake mwezi wa Oktoba 1961, ilhali bendera ya uhuru wa Tanganyika ilikuwa bado haijapandishwa, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiotimia 20, na hakikuwa hata na paa la kwake: kilihifadhiwa katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, mpaka kilipohamia Mlimani mwaka 1964. Wenye chama kile wengi wao walikuwa wakulima na wachukuzi ambao wenyewe hawakupata kukaa darasani, na sakafu ya kwanza aliyoikanyaga mwanafunzi wa chuo kikuu nchini mle ilikuwa sakafu yao. Deni lililoanza hivyo halilipwi kwa mtu kujisikia mkarimu.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenda kutazama bwawa moja lililochimbwa nyuma ya mikoko, katika kijiji cha pwani ambacho, pamoja na chuo kilicholichimba, nitakiacha bila ya jina. Tulifika maji yakiwa yamekupwa. Ubao wa tangazo ulikuwa ungalipo, umeandikwa majina ya waliofadhili, lakini mlango wa maji ulikuwa umeng'oka, kaa wametoboa kingo pande mbili, na katika dimbwi lililosalia katikati, juu ya matope meusi yenye kunuka, mlikuwa na perege mamia kwa mamia, hakuna aliyezidi urefu wa kidole changu. Mzee mmoja wa kikundi kile, ambaye ndiye aliyetupokea na kutupa madafu, aliniambia kwa sauti isiyokuwa na ghaidhi hata kidogo: "Mwanangu, wasomi wenu walikuja na gari mbili, wakatupiga picha tukiwa tumeshika wavu, wakasema watarudi. Sisi tulidhani kurudi ni kurudi." Neno lile sijapata kulijibu, na mhadhara huu, kwa kadiri fulani, ni jaribio la kulijibu.

Maradhi ya bwawa lile hayakuwa ya siri. Perege huzaa upesi mno. Jike wa jamaa ya perege tunaowafuga huatamia mayai kinywani mwake, nao hao huanza kuzaa wangali na umri wa miezi michache, kabla ya kufikia ukubwa wa kuuzika sokoni. Basi wakiachwa madume na majike pamoja, bwawa hujaa watoto, chakula kikagawanyika kwa vinywa visivyohesabika, na wote wakadumaa. Dawa iliyo nyepesi ni kumshika samaki angali mdogo, ukamgeuza tumbo juu, ukayatazama matundu yaliyo chini ya tumbo karibu na pezi la nyuma, ambayo kwa dume ni mawili na kwa jike ni matatu, ukawatenga. Kazi hii anaiweza mtoto wa miaka 12 mwenye macho mazima, baada ya asubuhi moja ya kuonyeshwa. Lakini pale hakuonyeshwa mtu. Chakula nacho kilikuwa kikija kwa magunia kutoka mjini, na mradi ulipokwisha magunia yakakoma, maana hakuna aliyewafundisha kuchanganya pumba, mashudu na unga wa dagaa, ilhali chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama za wafugaji walio wengi. Mwatiko waliotiwa pamoja na perege hao walikuwa na balaa la kinyume: samaki huyu hukua vizuri katika maji ya chumvi ya bwawa, lakini hutaga baharini kwenye maji makuu, wala hazai bwawani, na vifaranga wake hawana budi kutafutwa baada ya bamvua kwenye vidimbwi vya mikokoni. Aliyekuwa akijua vidimbwi hivyo vi wapi alikuwa kijana aliyeajiriwa na mradi, naye alikwisha kuhamia mjini.

Nikasimama pale ukingoni nikainua macho, na hatua zisizotimia 300 kutoka bwawani nikaiona skuli. Niliomba kuingia. Katika chumba cha darasa la sita, mwalimu mmoja alikuwa akifundisha usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Amechora jani ubaoni kwa chaki, na mishale ya kuingia na kutoka, na watoto 60 au zaidi wanainakili michoro ile kimya. Nilipomuuliza kama amepata kulifikia bwawa alisema kwamba wakati wa mradi liliwekewa uzio, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia kuwa linamhusu.

Hapa ningependa tukae kidogo. Maji mazuri ya perege ni ya rangi ya kijani, maana ukijani ule ni mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, nayo ndiyo chakula cha bure alichojaaliwa samaki huyo. Wafugaji wana njia ya kuyapima maji hayo isiyohitaji ala yoyote: mtu huunyoosha mkono wake, akautumbukiza taratibu, akawa anakitazama kiganja. Maji yakifika kiwikoni naye bado anaviona vidole vyake waziwazi, maji yale ni maskini na yanataka samadi. Kiganja kikipotea mapema, kijani kimezidi, na samadi isimame. Kikianza kufifia pale pale maji yanapogusa kiwiko, bwawa limekaa sawa. Sasa mfikirieni mtoto aliyeufanya mtihani huo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaletwa bwawani alfajiri, akawaona samaki wamekuja juu wanatweta vinywa wazi, akaambiwa kwamba mimea ile ile inayotoa oksijeni mchana kwa nuru ya jua, usiku nayo huitumia kama tuitumiavyo sisi, na kwa sababu hiyo saa za mwisho wa usiku ndizo ambazo hewa ile huwa haba majini kuliko saa zote. Mtoto huyo hahitaji kunakili mishale.

Na hesabu je? Bwawa la urefu wa mita 20 na upana wa mita 15 lina mita za mraba 300. Ukitia vifaranga watatu kwa kila mita ya mraba, utataka vifaranga 900. Wakifikia uzani wa gramu 50 kila mmoja, bwawani mna kilo 45 za samaki. Na ukiwalisha kwa siku asilimia 3 ya uzani wao, utapima kilo moja na gramu 350 za chakula. Mwalimu wa kijijini anatafuta mifano ya asilimia kila wiki. Mfugaji, kwa upande wake, anahitaji mtu wa kumpigia hesabu hiyo kila baada ya wiki mbili, kwa kuwatoa samaki 20, kuwapima, na kuwarejesha. Watu hawa wawili wanaswali msikiti mmoja na kununua duka moja, na chuo kilikwenda kwa mmoja wao kikampita mwingine.

Mintarafu ya jambo hili, kuna nchi moja ng'ambo ya bahari yetu ambayo ningependa tuitazame. Chuo Kikuu cha Gadjah Mada, katika mji wa Yogyakarta kisiwani Java, kiliundwa mwaka 1949, Indonesia ikiwa imo katika machungu ya kuzaliwa. Ilipofika mwaka 1951 visiwa vya mbali vilikuwa havina walimu wa sekondari, na wanafunzi wa chuo kile wakajitolea kukatiza masomo yao wakaenda kufundisha. Mmoja wa waliotangulia, Koesnadi Hardjasoemantri, alikwenda Kupang katika kisiwa cha Timor. Baadaye akaja kuwa mkuu wa chuo kile kile. Kutokana na mbegu hiyo ndipo ilipochipuka, tangu mwaka 1971, desturi ya kuwapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu wakaishi na kufanya kazi vijijini, na sheria yao ya ilimu ya juu ya mwaka 2012 inazitaja kazi tatu za chuo pamoja, kufundisha, kutafiti na kuhudumia. Sisemi kwamba kila mwanafunzi wa kule hulima au hufunza kwa moyo. Nasema kwamba walianza na mwalimu, na waliokwenda walikaa.

Kisiwa hicho cha Java kinatuhusu kwa njia nyingine. Mwatiko, samaki yule yule wa mikokoni mwetu, hufugwa Java katika mabwawa ya pwani tangu karne nyingi, na sisi tumeanza juzi. Ama perege wa Msumbiji, ambaye ni mwana wa mito ya upande huu wa Afrika, alionekana mwaka 1939 kwenye mlango wa mto Serang, pwani ya kusini ya Java, na aliyemwona alikuwa mwanakijiji mmoja wa Blitar, jina lake Mudjair, ambaye hakuwa msomi wa chuo chochote. Alimchukua kwake, akamzoeza maji baridi kidogo kidogo, wengine wakimfia, mpaka akafaulu, na leo samaki huyo huitwa kote Indonesia kwa jina la mtu huyo. Kadhalika perege aliyekuwa hapa Zanzibar, ambaye asili yake ni mto Wami wa bara, alipelekwa Malacca, na huko Mwingereza C. F. Hickling akaeleza mwaka 1960 kwamba dume wa Zanzibar akipandishwa kwa jike wa Msumbiji, vifaranga wao karibu wote hutoka madume. Na bwawa la madume watupu, kama mlivyokwisha kufahamu, halijai watoto. Dawa ya maradhi niliyoyaona nyuma ya mikoko ilitokana na samaki wa kisiwa hiki, na wenye kisiwa hawakupata kuisikia. Nililijua jambo hili nikiwa mwanafunzi, katika kitabu cha Kiingereza, na mpaka leo hii sijakuta ukurasa wake mmoja wa Kiswahili katika skuli yoyote niliyoingia.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1964, na istilahi tunazo za kutosha. Oksijeni tumeipata, usanisinuru tumeupata. Ripoti ya bwawa lile, hata hivyo, iliandikwa kwa Kiingereza, ikapelekwa kwa wafadhili, nakala moja ikawekwa kabatini, na mzee aliyetupa madafu hakuachiwa karatasi hata ya ukubwa wa kiganja. Naona huu ni udhalimu, na nimechagua neno hilo baada ya kufikiri.

Basi nayaomba mambo machache kwa wenye madaraka waliomo ukumbini. Kila mwaka vyuo vyetu huwapeleka wanafunzi wa ualimu katika skuli kwa mazoezi ya kufundisha. Wapangwe wale wa sayansi waende mahali penye mabwawa, pamoja na wanafunzi wa uvuvi na ufugaji samaki, wakae nyumba moja, na somo la mmoja liwe kazi ya mwingine. Mradi wowote usiokuwa na fedha za kurudi mwaka wa pili na wa tatu usianzwe, hata ukiwa na mfadhili mkubwa. Kila ripoti iwe na nakala ya Kiswahili, nayo ikabidhiwe skuli, kwa sababu mtaalamu huhamishwa, mfadhili huchoka, na kijana hodari huenda mjini, lakini katika kijiji kile mwalimu niliyemkuta ubaoni alikuwa na miaka 19 kazini hapo hapo. Na mhadhiri anapotaka kupandishwa cheo, aulizwe pia ni bwawa gani alilolirudia na ni mwalimu gani anayeweza kulisimamia bila yeye.

Mwalimu yule ameniandikia. Uzio umeondolewa na watoto wameziba matundu ya kaa kwa udongo, lakini mlango wa maji bado umelala kwenye matope, maana hauinuliwi kwa mikono ya watoto. Tutakwenda bamvua ijayo, tukae siku sita. Mwanafunzi au mwalimu anayetaka kufuatana nasi aandikishe jina lake mlangoni kabla ya kuondoka, aje na nguo za kufanyia kazi matopeni, na siku ya kwanza tutakwenda skuli kabla ya kwenda bwawani.