Je, Yalitokea Kweli? Maswali ya Wanafunzi na Ualimu wa Fasihi
Mhadhara wa umma uliotolewa Iringa



Nimeombwa nizungumzie fasihi na elimu. Badala ya kuanza na nadharia, nitaanza na maswali yenu ninyi wanafunzi, hasa yale mnayoyaleta mlangoni kipindi kikiwa kimeisha, kwa sauti ya chini, kana kwamba muulizaji anaomba radhi. Je, mambo haya yalitokea kweli? Mwandishi alikuwa na maana gani? Kwa nini hakusema waziwazi? Mtu wa kabila jingine anawezaje kuandika habari zetu? Kitabu hiki kitatoka kwenye mtihani? Nimewasikia walimu wakiyaita maswali haya ya kitoto. Mimi nashikilia kwamba uhakiki wote wa fasihi umezaliwa humo, na mwalimu anayeyaruka ameliruka somo lenyewe.

Nianze na lile la ukweli, kwa sababu hapa Iringa lina uzito wa pekee. Mugyabuso Mulokozi alichapisha tamthiliya yake Mukwava wa Uhehe, inayomhusu Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1979. Mwanafunzi anayeisoma Tanga au Kigoma anakutana na shujaa wa kitabuni. Anayeisoma akiwa ametoka Kalenga anakutana na mtu ambaye habari zake alizisikia nyumbani kabla hajajua kusoma, na ambaye jina lake lipo kwenye lango la chuo. Kwa mwanafunzi huyu, "je, ni kweli?" maana yake ni: je, kitabu kinakubaliana na babu yangu?

Hebu tuone tunachokijua. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Wahehe liliuvamia msafara wa kijeshi wa Wajerumani uliokuwa ukiongozwa na Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na bunduki zikatekwa. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1894, ngome ya Kalenga ilipigwa kwa mizinga ikaanguka. Mkwawa alitoka, akaendelea kupigana kwa kuvizia, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu hilo. Lilirudi mwaka 1954, likakabidhiwa Kalenga na Gavana Edward Twining mbele ya Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Mambo hayo yameandikwa, na tarehe zinajulikana. Sasa jiulizeni: barazani, kabla ya Lugalo, wakati watu wakishauriana kama wapigane au wajadiliane, nani alisema nini? Nani aliogopa? Mama mwenye mwana aliyekwenda vitani alimwambia mwanawe maneno gani alfajiri ile? Ripoti za maofisa wa Kijerumani haziwezi kutuambia. Masimulizi ya wazee yanatupa vipande, na kila ukoo una vyake. Mtunzi wa tamthiliya hana ruhusa ya kuacha jukwaa kimya. Ni lazima ampe kila mtu maneno, na kwa kumpa maneno anampa pia sababu, hofu na tamaa. Hapo ndipo mwanafunzi anapopaswa kupelekwa. Aulize kila mazungumzo: mtunzi ameyajenga juu ya kitu gani, na kwa nini amemfanya huyu aseme hivi, si vile?

Swali hilo likishashika mizizi, haliishii kwenye tamthiliya. Fuvu lililorudi mwaka 1954 lilichaguliwa kwa kupimwa kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen, na wapo wanahistoria waliohoji kama kweli ndilo. Nalisema hili kwa heshima zote kwa wazee waliopo hapa. Haliondoi hata chembe ya heshima ya Kalenga, kwa kuwa yale yaliyofanyika siku ile, watu kumpokea mtu wao, yalikuwa ya kweli. Linachotuonyesha ni kwamba hata historia ina mahali ambapo mtu fulani aliamua. Kijana aliyeuliza swali lake kwa aibu mlangoni ameuliza jambo ambalo maprofesa wanalibishania hadi leo.

Swali la kabila linafuata hapohapo. Mulokozi ni mtu wa Bukoba. Anajua nini kuhusu Uhehe? Nimelisikia likiulizwa kwa ukali, na silaumu, maana watu wa nyanda hizi wameandikwa na wageni kwa muda mrefu, kuanzia maofisa wa Kijerumani hadi watawala wa Kiingereza. Lakini tukishasema kwamba kila mtu aandike ya kwao tu, tutawapoteza wengi. Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alitafsiri tamthiliya ya Mwingereza inayohusu kifo cha mtawala wa Roma, na Waswahili wakaipokea Juliasi Kaizari kama kitabu chao. Mtunzi aliyetoka mbali tumpime kwa kazi aliyoifanya: alisikiliza kiasi gani, na ametuonyesha nini ambacho sisi wenyewe, kwa ukaribu wetu, tulikuwa hatukioni? Pale alipokosea, mwanafunzi wa hapa ndiye mwenye uwezo wa kumkosoa. Na akosoe kwa maandishi, kwa jina lake.

Linganisheni na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969 na inayohusu vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Mtunzi mwenyewe ameweka wazi kwamba mhusika wake ameumbwa kwa ajili ya jukwaa, na asichukuliwe kuwa ni yule mganga wa Ngarambe alivyokuwa hasa. Tamthiliya ile inahusu makabila kuungana, na inauliza kama imani inaweza kuwaunganisha watu bila kuwaangamiza. Hapa Iringa kuna swali ambalo hulisikii kwa urahisi Dar es Salaam: kwa nini Wahehe hawakujiunga na Maji Maji? Jirani zao Wabena walipigana mwaka 1905. Wahehe kama kundi hawakujiunga, na wapo waliopigana upande wa Wajerumani. Ni miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Mkwawa afe. Walimu wengi hulikwepa swali hili kwa sababu linauma. Mimi nawaomba msilikwepe. Watu waliokwisha kuona ngome yao ikibomolewa na ardhi yao ikigawanywa kati ya watawala wapya walikuwa na hesabu zao za kupiga, na hesabu hizo zinastahili kuelezwa. Mwanafunzi anayeuliza hivyo anaisoma Kinjeketile kwa undani kuliko anayeorodhesha dhamira za umoja, ukombozi na ushirikina.

"Kwa nini hakusema waziwazi?" Hili huulizwa zaidi kuhusu Shaaban Robert. Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, nchi inaelea angani, na Karama anasimama mbele ya baraza kujitetea dhidi ya mashtaka ya Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Mtunzi alikuwa karani katika serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926. Jibu la haraka ni woga: angetaja Tanganyika angepoteza kazi, pengine na zaidi ya kazi. Jibu hilo si la uongo. Ukitaka kuliona kwa macho, mtazame Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968, chini ya serikali huru ya Kenya, aliandika waziwazi kijitabu cha kuuliza nchi inaelekea wapi, akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani kwenye karatasi za chooni yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki, mwaka 1973.

Hata hivyo, tukiishia kwenye woga tutakuwa tumemdhulumu Shaaban Robert. Angeitaja serikali ya Mwingereza, kitabu chake kingezeeka siku bendera ya Mwingereza iliposhushwa. Kwa kuijenga nchi isiyokuwepo, alimfungulia kila kizazi nafasi ya kumtambua Majivuno wake. Wanafunzi wangu humtambua bila msaada wangu. Humtaja kwa cheo, halafu hutazama mlango.

Kuhusu maana aliyokusudia mwandishi, nichukue Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo kwa kipindi ilizuiwa shuleni kisha ikaja kusomwa na kufundishwa. Ukifungua miongozo inayouzwa stendi, utaambiwa dhamira ni malezi mabaya, na baba yake Rosa, Zakaria, ametajwa kama mfano. Basi, umemaliza. Lakini msichana mmoja aliniuliza swali ambalo halimo kwenye mwongozo wowote: kwa nini ni lazima Rosa afe? Wanaume waliomtumia wanaendelea kuishi. Je, mwandishi anamhurumia au naye anamwadhibu? Mimi naona riwaya yenyewe imegawanyika juu ya jambo hili, na mgawanyiko huo ndio unaoifanya iendelee kuchoma baada ya zaidi ya nusu karne. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Lakini hata angekuwepo leo katika ukumbi huu, tukampa kipaza sauti, neno lake lingekuwa la msomaji mmoja mwenye heshima kubwa. Vitendo vya Rosa vimo katika kurasa, na kila anayezisoma ana haki ya kubishana kwa kuonyesha ukurasa.

Hapo sasa tunakutana na mtihani. Sitaki kumtupia lawama mwalimu wa sekondari ya kata mwenye darasa la wanafunzi themanini na nakala chache za kitabu. Wala siwalaumu wanaotunga mitihani kwa kutaka kipimo kimoja kitakachomtendea haki mtoto wa Makete sawa na wa Masaki. Lakini tazameni kilichotokea. Swali linaagiza hoja tatu kutoka kila kitabu, na mwongozo unazitoa hoja hizo zikiwa tayari. Mwanafunzi anazikariri, anaandika dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi, anapata alama nzuri, na kitabu hajakifungua. Anafika chuoni na madesa yake. Nikimwuliza ni mhusika gani anayemkera, ananitazama kama niliyemtegea. Huyu hakuzaliwa bila maswali. Tumemfundisha kwa miaka kwamba jibu liko mfukoni mwa mtu mwingine, na kazi yake ni kulipata kabla ya mtihani. Jambo hili linaniumiza kuliko upungufu wa vitabu, kwa sababu vitabu vinaweza kununuliwa.

Yupo pia anayeuliza: wazee wetu walifundisha bila kitabu, kwa nini tusirudi huko? Mkoa huu umewahi kulijaribu jambo hilo. Mwaka 1928, huko Malangali, ofisa wa elimu wa Kiingereza aitwaye W. B. Mumford alianzisha shule iliyotaka kujengwa juu ya mila za watu wa hapa: wazee kama washauri, ngoma, mikuki, maisha ya kijiji ndani ya shule. Lilikuwa jaribio lililojadiliwa hadi Ulaya. Kwa maoni yangu kasoro yake ilikuwa kwamba mila zilichaguliwa na mtawala, kwa ajili ya kumwandaa kijana akae kwenye nafasi aliyopangiwa na utawala. Fasihi simulizi ya Kihehe, Kibena, Kikinga au Kinyakyusa haihitaji mlinzi wa namna hiyo. Inahitaji mjukuu mwenye simu ya kurekodia na subira ya kukaa jikoni na bibi, kisha aje na alichokipata kwenye somo, na kiulizwe maswali yaleyale tunayomwuliza Shaaban Robert.

Nimeulizwa mara nyingi, tangu mwaka 2021, kama Abdulrazak Gurnah ni wetu. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, aliondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi, anaandika kwa Kiingereza, na mwaka huo wa 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise sasa inasomeka kwa Kiswahili kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Someni kwanza, kisha tubishane kuhusu uraia.

Wengi wenu mtaondoka hivi karibuni kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, Mufindi, Kilolo, Mbarali, Rungwe. Nina ombi moja. Kabla hamjatamka neno dhamira, wasomeeni wanafunzi onyesho la kwanza au sura ya kwanza, halafu kila mmoja aandike swali moja kwenye kipande cha karatasi bila jina. Msichague yale ambayo majibu yake mnayajua. Chukueni lile linalowakosesha usingizi, lifanyeni kuwa somo la wiki, na watafute jibu ndani ya kitabu, kwa wazee, na katika maktaba ya mkoa. Wakiuliza kama litatoka kwenye mtihani, waambieni ukweli: huenda lisitoke, lakini aliyekizoea kitabu kwa kubishana nacho hapungukiwi na hoja tatu.

Na watakaopangiwa shule yenye nakala moja tu ya tamthiliya, wagawieni wanafunzi wahusika, nakala ipite mkono kwa mkono, na muisome kwa sauti nje, uwanjani. Tamthiliya ilitungwa isikike na ionekane, na uwanja kila shule inao.