Saa Moja kwa Mwezi

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mmoja amekwisha kaa mahali pake, na karatasi ya somo anayo mkononi. Nitasema polepole. Nikimaliza, mtayasoma maneno haya tena pamoja na mwalimu wenu, kisha mtajibu maswali yaliyo mwisho wa karatasi.

Sisi husema kwamba umoja ni nguvu. Lakini ni mara chache twauliza: umoja huanzaje? Leo nitawasimulieni habari za Wakristo waitwao Wabaptisti, jinsi walivyoutafuta umoja kwa maombi.

Wabaptisti hubatiza mtu aliyekwisha amini mwenyewe. Hawabatizi watoto wachanga. Tena kila kanisa lao hujitawala. Hakuna askofu awezaye kuyaamuru makanisa yote. Mambo ya kanisa huamuliwa na washiriki wake. Desturi hiyo ina uhuru mwingi, lakini ina taabu yake pia. Pasipo na mwenye kuamuru, nani atawaita watu wafanye jambo moja?

Taabu hiyo ilionekana sana Uingereza kabla ya mwaka 1784. Wabaptisti wa huko walikuwa makundi mawili makubwa. Kundi moja liliamini kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote. Kundi la pili liliamini kwamba alikufa kwa ajili ya wale waliochaguliwa na Mungu tangu mwanzo. Na ndani ya kundi la pili walikuwako wachungaji walioogopa hata kumwambia kila mtu atubu na kuamini. Walisema, “Twajuaje kama huyu amechaguliwa?” Basi wakahubiri wao kwa wao. Makanisa mengi yalipungua watu, na ubishi haukupungua.

Mwezi wa Aprili mwaka 1784, mchungaji mmoja wa mji wa Northampton, jina lake John Ryland, alipokea furushi la vitabu. Lilitoka kwa John Erskine, mchungaji wa Scotland. Ndani yake kilikuwamo kitabu cha Jonathan Edwards wa Amerika, kilichowasihi Wakristo wa kila mahali wapatane juu ya wakati wa kuomba pamoja, ili Mungu alete uamsho. Erskine hakuwa Mbaptisti. Edwards naye hakuwa Mbaptisti, tena alikuwa amekufa tangu mwaka 1758. Lakini Ryland hakukitupa kitabu kwa sababu kilitoka kwa watu wa madhehebu mengine. Alikisoma, akawapa rafiki zake habari zake: Andrew Fuller wa Kettering na John Sutcliff wa Olney.

Mwezi wa Juni mwaka ule ule, wajumbe wa makanisa ya Northamptonshire na majimbo ya jirani walikutana mjini Nottingham. Sutcliff akatoa shauri. Kila kanisa litenge saa moja kila mwezi, jioni ya Jumatatu ya kwanza, likutane kuomba. Hakuna aliyelazimishwa. Lilikuwa shauri tu, nao wakalikubali, wakalipiga chapa na kulituma kwa makanisa.

Je, waliomba nini? Waliombea wachungaji na makanisa yao, wapate kuamka. Lakini shauri lile liliwaonya wasiishie hapo. Wayakumbuke makanisa mengine, na watu wa nchi za mbali ambao hawajasikia Injili. Tena likasema kwamba Wakristo wa madhehebu mengine wakitaka kuungana nao katika saa ile, watafurahi sana. Angalieni neno hilo. Watu waliozoea kubishana waliamua kumwombea heri yule waliyebishana naye.

Mwaka 1789 Sutcliff alikipiga chapa tena kitabu cha Edwards. Katika dibaji alieleza kwamba hakubaliani na kila jambo lililomo. Alisema kwamba Wakristo watatofautiana mawazo, na kila mtu hana budi kufikiri mwenyewe. Hata hivyo waweza kuomba jambo moja. Hiyo ndiyo siri ya umoja wao. Hawakungoja kwanza ubishi wote uishe.

Matokeo hayakuja upesi. Miaka minane ilipita. Katika makanisa yale alikuwamo fundi wa viatu aliyeitwa William Carey. Ryland mwenyewe alikuwa amembatiza mtoni mwezi wa Oktoba 1783. Carey alikuwa maskini, lakini alipenda sana kusoma. Katika chumba chake cha kazi, kijijini Moulton, alitundika ramani ya dunia aliyoitengeneza kwa karatasi zilizogandishwa pamoja. Juu yake aliandika habari za watu wa kila nchi, kadiri alivyozipata vitabuni. Alishona viatu huku akiitazama.

Mwezi wa Mei mwaka 1792 Carey alihubiri mjini Nottingham, akawahimiza ndugu zake watende walichokuwa wakikiomba. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo, watu wachache walikutana Kettering, nyumbani kwa mjane mmoja, wakaunda chama cha kupeleka Injili ng’ambo. Waliahidi kutoa pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Fedha hizo hazikutosha hata nauli ya jamaa moja.

Mwaka 1793 Carey na jamaa yake walipanda merikebu kwenda Bengal, katika Bara Hindi. Huko alimzika mwanawe wa miaka mitano, na mke wake akaugua akili. Ilipita miaka saba kabla hajambatiza Mhindi wa kwanza, Krishna Pal, mwezi wa Desemba 1800. Msidhani basi kwamba sala iliwaondolea gharama. Iliwatia moyo wa kuilipa.

Chama kile kilifika hata Afrika ya kati. Mwaka 1878 watu wake walianza kazi nchini Kongo. Na yale makundi mawili ya Wabaptisti wa Uingereza? Yaliungana mwaka 1891. Tangu saa ile ya kwanza ya maombi hata mwaka huo ilikuwa imepita miaka 107. Waliopanda hawakuyaona mavuno.

Mimi siwezi kupima sala kwa mizani. Lakini jambo moja naliona wazi. Pasipo mwenye kuamuru, umoja huja kwa mapatano; na mapatano hudumu yakiwa madogo, yakiandikwa, na yakitunzwa kila mwezi. Saa moja tu. Siku inayojulikana. Na jina la jirani litajwe humo pamoja na lako.

Labda katika kijiji chenu yako makanisa mawili yasiyosalimiana. Msianze kwa mkutano mkubwa. Anzeni kwa jioni moja ya mwezi, hata kama mtakuja watu watatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwaherini, wasikilizaji. Mungu awabariki.

Maneno ya kujifunza

Uamsho: kuamka upya kwa imani iliyolala.
Madhehebu: makundi ya watu wa dini moja wenye desturi mbalimbali.
Dibaji: maneno ya mwanzo wa kitabu.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini hapakuwa na mtu wa kuwaamuru Wabaptisti waungane?
2. Kitabu kilichomwamsha Ryland kilitoka kwa nani? Hilo latufundisha nini?
3. Je, waweza kuomba pamoja na mtu usiyekubaliana naye? Eleza kwa nini.